Maji Aliyofulia Mama Rehema

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mikumi, nilikabidhiwa sepeto nikaonyeshwa shimo refu nyuma ya nyumba ya wageni. Maji ya jikoni na ya kufulia yalikuwa yakituama hapo na kunuka. Tulitandika plastiki ngumu, tukajaza kokoto, tukapanda matete ya kuyachuja maji hayo. Mpishi alinicheka: "Wewe mtu wa Masanze, kwenu mnayafyeka, huku unayapanda?"

Msimamizi, mtu mkali lakini wa haki, alinifundisha kazi. Kwanza chemba ya mafuta, kisanduku cha zege kinachozuia mafuta yasizibe kokoto. Kisha maji yapite ndani ya kokoto, yasionekane juu, mbu wasizaliane. "Na matete haya ni mifugo," alisema. "Yasiponyweshwa hayatakusubiri."

Baadaye nilihamishiwa Kilosa, kwenye bweni la shule lenye matete kama yale, chini ya mama mhandisi. "Fundi, watoto wakienda likizo, nani anaoga?" aliniuliza. Tukawa tunawaomba walinzi wafulie pale.

Nilipostaafu nilijenga nyumbani kitanda cha kokoto na matete kama kile cha Mikumi. Matete aliyapanda mke wangu, Mama Rehema, kwa mkono wake. Maji aliyofulia yalichujika humo, yakaenda kwenye migomba. Akimaliza kufua aliniambia, "Mifugo yako imekunywa."

Alipofariki, akina mama waliokuja matangani waliosha masufuria ya watu wengi. Matete hayakuwahi kushiba vile. Baada ya arobaini wote walirudi kwao. Maji ya mtu mmoja hayafiki mbali. Matete yakaanza kukauka kule mwisho, upande wa kutokea maji, na nilijua hayatamaliza kiangazi. Nilichota ya kisimani siku chache, mgongo ukakataa.

Nikamwendea jirani, Mama Zuhura.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uwe unafulia kwangu."

"Nikufulie nguo?"

"Zangu nafua mwenyewe. Nataka maji yako machafu."

Alicheka mpaka akaketi. "Makubwa! Wenzako wanaomba maji safi!"

Vijana mnaoanza kazi hii mtafundishwa kupima mteremko. Ulizeni pia nani atafua, na akiondoka, nani atabaki.

Jumamosi Mama Zuhura alikuja na beseni na nguo za watoto. Alipomaliza akauliza, "Mzee, namwaga wapi?"

Nikamwonyesha jiwe ambalo Mama Rehema alikuwa akisimama juu yake akimwaga. "Hapo. Taratibu."