Themosi ya Maua na Bia Nisiyoipenda

Nikisimulia jambo hili huwa naanza kwa kuinamisha kichwa, kwa hivyo niacheni niiname kwanza. Haya. Mimi Mutinda, mtu mzima, mwenye kazi ya serikali na shati lililopigwa pasi, nilisimama mbele ya wazee wenye ndevu za hina, katikati ya mtaa wa Galbet, mchana kweupe, nimelowa povu la bia kuanzia kidevuni hadi kitovuni, na ngamia ananitazama. Wala haikuwa bia nzuri. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, maana ingekuwa nzuri angalau ningekuwa na la kujitetea.

Mjue kwamba kwenye bia za bei ya chini mimi ni mtaalamu. Za bei ya juu waulizeni mabosi. Hapa Garissa bia hainywewi ovyo, wenyeji ni Waislamu na mji una heshima zake, kwa hivyo sisi wa kutoka bara tunajibanza kwenye kantini moja ya kambi ya askari, chini ya mabati yanayochoma, tunabishana kuhusu bia kama wabunge. (Ukivuka daraja la Tana kuelekea Mwingi, watu wa hapa wanasema umeenda Kenya. Sijui wao wanadhani wako wapi, lakini nimeshazoea, hata mimi siku hizi nikienda kwetu Kitui naaga kwamba naenda Kenya.)

Pale kantini bia hatuziiti kwa majina ya kwenye chupa. Tunazo zetu tulizozibatiza. Ninayoipenda ni Shemeji, ya chupa ya kahawia, laini, haina makuu, unakunywa mnaongea mambo ya maana na kesho yake unaenda kazini unajua jina lako. Kuna Mwalimu Mkuu, ambayo jioni inakuchekea na asubuhi inakuchapa. Kuna ile ya pipa, inayokuja kwenye kikombe cha plastiki nusu povu nusu lawama, hiyo naivumilia tu mwisho wa mwezi. Halafu kuna Msumari. Msumari ni ya mkebe. Ukiionja unahisi umelamba geti lenye kutu, harufu yake inakufuata hadi kwenye mto wa kulalia, na mwenye kantini mwenyewe ukiagiza anakuuliza kwa huruma, "Kwani kumetokea nini nyumbani?" Msumari nilikuwa nimeiapia kwamba hainiingii tena mdomoni.

Sasa tuje kwenye ile Jumamosi.

Ninakaa kwenye ploti ya Mzee Gedi, mfanyabiashara wa mifugo, chumba changu kikiwa ndani ya ua ule ule wa familia. Hiyo si kawaida kwa mseja wa kutoka bara. Mzee alinipa chumba kwa sababu niko ofisi ya mifugo, na kwa sababu mkewe, Hooyo Kaltuma (hooyo ni mama kwa Kisomali), alisema nina uso wa mtu mpole. Mimi ni karani wa stoo, nahesabu mabomba ya sindano, lakini pale ploti waliamua kuniita Dakhtar na mimi sikuwarekebisha (nani angewarekebisha?). Kuhusu kunywa, walidhani sinywi. Nilikuwa namaliza mambo yangu kantini, natafuna karafuu njia nzima, naingia nyumbani nikisalimia kwa adabu.

Siku hiyo binti yao Fardosa alikuwa anaposwa. Wageni walitoka mbali, Lafey, huko karibu na mpaka, watu wa dini hasa, wakiongozwa na ami wa bwana harusi, Haji Ibrahim. Asubuhi Mzee Gedi alikuja mlangoni kwangu akanishika bega.

"Mutinda, leo wewe nakaa mkeka moja na sisi. Mimi nimewaambia wageni wewe ni mtoto ya hii nyumba."

Nilifurahi kweli. Nilifurahi mpaka nikaona furaha hiyo inahitaji kusherehekewa, na hapo ndipo akili yangu ilipofanya ule uamuzi mdogo. Nikajiambia, wageni wataondoka jioni, mimi nitakuwa nimechoka kwa adabu, si vibaya nikiwa na kitu cha baridi chumbani. Nilikuwa sijawahi kupeleka bia nyumbani hata siku moja. Nikachukua themosi yangu, ile nyekundu yenye maua, kwa sababu Garissa mtu akibeba themosi hakuna anayemtazama mara mbili, kila mtu ana chai yake ya viungo, hata mwenye kusukuma mkokoteni. Nikafika kantini mchana, naambiwa Shemeji imeisha, lori limekwama. Mwalimu Mkuu imeisha. Ya pipa imeisha. Imebaki Msumari.

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani. Mimi nikamimina Msumari kwenye themosi, nikakaza kizibo, nikatembea nayo juani nikiitikisa kama manyanga.

Nilipofika nikaiweka kando ya mlango wangu, nikaingia bafuni kuoga. Na hapa nilisahau kitu ambacho mtu yeyote aliyekaa Galbet anakijua. Mgeni akija nyumba moja, themosi za ploti nzima ni za mgeni. Majirani hawaulizwi, vyombo vinakusanywa tu, na ukiwa mtu wa maana unakuwa umeshaijaza yako chai. Hooyo Kaltuma alipita akikusanya. Akainua yangu, akaiona nzito, na moyo wake ukajaa. Mutinda, mtoto wa watu, mseja, Mkamba, amepika chai bila kuambiwa!

Natoka bafuni, nimevaa vizuri, nimejipulizia manukato, nakwenda mkekani, nasalimia, "Asalaam aleikum," wazee wanaitikia, nakaa. Halafu namsikia Hooyo Kaltuma amesimama mbele ya wageni wote, sauti imejaa fahari.

"Hii jai ni ya mtoto yetu Dakhtar. Amebika yeye mwenyewe, kwa mkono yake. Haji, tutaanza na hii."

Nikageuka. Ile themosi yangu ya maua ilikuwa mapajani kwa Haji Ibrahim, na mkono wake uko kwenye kizibo.

Nilipiga kelele. Sikukusudia, ilitoka tu. "Usifungue!"

Mkeka mzima ukanigeukia. Mzee Gedi akanitazama kama mtu anayeangalia nyumba yake inashika moto. Na niliona wazi kilichokuwa pale: pombe ndani ya ua wa baba wa bibi harusi, imeandaliwa kwa wageni wa dini, imesifiwa na mama mwenyewe. Posa ingeisha hapo hapo, watu wangepanda gari lao wakarudi Lafey, na Fardosa angebeba aibu ambayo si yake. Yule msichana alikuwa ananichekea kila asubuhi na kuniuliza kama nimekula.

"Ni dawa," nikasema.

"Dawa ya nini?" Haji akauliza.

Nikatazama huku na huku kutafuta ugonjwa. Upande wa pili wa ua kulikuwa na ngamia jike na ndama wake, zawadi ya upande wa bwana harusi, waliyemnunua sokoni hapa hapa Garissa.

"Ya ngamia," nikasema.

Jamani, kama mtahitaji kudanganya, danganyeni kuhusu kompyuta, danganyeni kuhusu Nairobi, lakini msithubutu kuwadanganya watu wa Garissa na Lafey kuhusu ngamia. Nyuso zote ziling'aa. Kumbe yule ngamia alikuwa amekataa kula tangu jana, na wageni walikuwa wanaona haya kimya kimya kwa kuleta zawadi mgonjwa. Haji Ibrahim akainua mikono.

"Masha'Allah! Allah ametuletea dakhtar nyumbani. Simama, twende."

Wote wakasimama. Tukaenda kwa msafara, mimi katikati na themosi yangu, na maswali yakaanza. Dawa ni ya tumbo au ya damu? Nabewa kabla ya maji au baada? Mbona haiko kwa chupa ya ofisi? (Hapo nikasema inatakiwa kukaa kwenye baridi, jibu la kitaalamu, nikajisifu moyoni, mjinga mimi.) Fijana wawili, kama walivyoitwa, wakamkalisha ngamia na kumfungua mdomo. Nikapewa nafasi. Nikaanza kulegeza kizibo, huku nawaza kwamba si ni ngamia tu, atapata kichefuchefu, yaishe.

Ndipo Mzee Gedi, kwa upole wake, akauliza swali moja la mfugaji.

"Na maziwa yake, Dakhtar? Tunaweza kunywa leo?"

Nyuma yake Hooyo Kaltuma alikuwa ameshika chombo cha kukamulia, tayari. Maziwa hayo yangenywewa na pande zote mbili, kwa baraka za watoto wao. Nikajiona nikiwatilia watu hawa Msumari kwenye baraka. Hapana. Nina mipaka, hata kama ni michache.

"Adeer, mzee wangu, siwezi," nikasema. "Msimpe."

Nikataka kukaza kizibo tena, lakini Msumari ilikuwa imetikiswa njia nzima, imekaa mlangoni juani, imekimbizwa hadi kwa ngamia, nayo ilikuwa imechoka kuvumilia. Kizibo kiliruka kikapiga mti wa mwarobaini. Povu likapanda usoni kwangu, likashuka kifuani, likamrukia Haji Ibrahim kwenye mkono wa kanzu, na ile harufu ya geti lenye kutu ikatanda Galbet nzima. Ngamia akafumba mdomo akageuza shingo. Hata yeye alikataa.

Haji Ibrahim aliinua mkono wa kanzu hadi puani. Akanusa. Akafumba macho, nami nikaanza kukumbuka basi la Mwingi linaondoka saa ngapi. Halafu akafumbua macho akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Hii dawa imeoza. Jua ya Garissa nabika kila kitu. Mwaga mbali, na huyu kijana aende aoge."

"Naam, imeoza," mzee mmoja akasema haraka.

"Imeoza kabisa. Dawa ya serikali siku hizi, wallahi, ni hasara tu," mwingine akadakia.

Na wazee wote, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa na pua mbovu, wakageukia kuilaumu serikali kwa moyo mmoja, chanjo zinachelewa, madaktari wa mifugo hawaonekani, hakuna aliyecheka, hakuna aliyenitazama, na sijawahi kudharauliwa kwa heshima kubwa namna ile.

Nilipokuwa namwaga iliyobaki nyuma ya choo, Haji alinifuata kama mtu anayetafuta maji ya udhu.

"Mimi nilikuwa dereba ya lori," akasema polepole. "Moyale, Isiolo, Nairobi. Wakati ya ujinga, bombe zote nilikunywa, mpaka Allah akanitoa. Lakini hii?" Akaonyesha kwa kidevu lile dimbwi. "Hii hata mimi nilikataa."

Hilo lilinichoma kuliko povu lote. Nikarudi chumbani, nikakaa humo nimejifungia huku wanasoma fatiha upande wa pili wa ukuta. Posa ilikubaliwa. Nilisikia vigelegele, nikafurahi, nikalia kidogo pia, siwafichi.

Asubuhi nilikuwa nimeshafunga begi Mzee Gedi alipokuja. Akalitazama begi, akakaa juu yake.

"Nakwenda wapi?"

"Adeer, nimekuaibisha."

"Ndiyo, umeniaibisha," akasema, bila kupunguza hata kidogo. "Lakini mimi nimeambia watu wewe ni mtoto yangu. Sasa nikikufukuza, mimi ndio nakuwa mwongo. Fungua begi."

Nikafungua. Nikadhani yameisha, jinsi nilivyo mjinga. Siku ya harusi, ua umejaa watu, majirani wote wanaleta themosi zao, Mzee akanitolea kiti cha plastiki akakiweka pale pale getini, akatangaza kwa Kisomali kwanza, halafu kwa Kiswahili ili na mimi nisipitwe:

"Kila themosi inaingia, Mutinda nanusa kwanza. Yeye ndiye dakhtar ya themosi."

Akina mama walicheka mpaka shela zikawateleza. Nikaketi pale asubuhi nzima, nimevaa suti, nafungua kizibo, nanusa iliki, nanusa tangawizi, nanusa mdalasini, nasema "Pita, mama," "Pita, habaryar" (yaani mama mdogo), na kila mmoja ananiuliza kama ngamia amepona. Fardosa mwenyewe akapita na hina zake, akasimama, akasukuma themosi mbele yangu kwa dharau ya kujifanya.

"Nusa fizuri, kaka," akasema. "Hiyo ni ya bwana harusi."

Nikanusa vizuri. Tangu siku hiyo bia nainywea pale pale inapouzwa, kutoka chupa yake, nikiwa nimekaa, na ikiwa imebaki Msumari peke yake naagiza soda.