Kuta Mbili na Jiwe la Pembeni

Mjenzi mmoja watu walimwita Mama Timazi, kwa jina la ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu akiingia nyumba ya mtu, kabla hata ya kuketi, hufumba jicho moja akaipima kona ya ukuta. Ufundi alifunzwa na baba yake, naye akamfunza mdogo wake wa kiume. Lakini huu ulikuwa mwaka wa pili ndugu hao hawasemezani. Mdogo mtu aliucheka ukuta wa dada yake mbele ya vibarua, kwamba umelala kama mgonjwa. Dada mtu akamjibu kuwa hata mgonjwa ana nafuu kuliko kuta zake yeye. Tangu hapo, ukimwona huyu huku, yule yuko kule.

Mchungaji alipotaka kujenga chumba cha masomo kando ya kanisa, alimwita Mama Timazi ajenge ukuta wa mbele. Kufika asubuhi, akamkuta mdogo wake anachanganya saruji ya ukuta wa ubavuni.

"Mchungaji, umetutega!" Mama Timazi akasema.

"Nimewaajiri tu," mchungaji akajibu bila wasiwasi. "Hebu nisaidieni, mafundi. Kiyunani kina neno akrogoniaios. Akros ni ncha, gonia ni pembe. Sisi tunasema jiwe kuu la pembeni, na Kristo ndiye anayeitwa hivyo. Sasa wasomi wanabishana: ni jiwe la chini kwenye msingi, au la juu linalolifunga jengo?"

"La chini," alisema Mama Timazi. "Uzi unavutwa kutoka hapo. Likienda upande, nyumba nzima imekwenda upande."

"La juu," mdogo wake akadakia. "Kuta zisipofungwa pamoja, kila mmoja utashika njia yake."

"Unamfundisha nani, wewe? Mwiko nilikushikisha mimi!"

"Na kufunga kona ukanifundisha wewe, dada."

Miaka miwili Mama Timazi hakuwa ameitwa dada na kinywa kile.

"La chini, la juu, mimi sijui," mchungaji akasema taratibu. "Ila mtume aliyeliandika alikuwa akisema na watu wa mataifa mawili wasiopikika chungu kimoja. Na jiwe la pembeni, popote liwapo, lazima lishike kuta zote mbili."

Mdogo mtu aliinama, akashika ncha moja ya jiwe la kona lililokuwa kando ya msingi. Mama Timazi akashika ya pili. Wakalitua pale kuta zao mbili zinapokutana.

"Upande wako umeinama," dada akasema.

"Pima."

Alipima. Jiwe lilikuwa sawasawa.

"Basi jicho langu ndilo limeinama!" Akaangua kicheko, na mdogo wake akacheka hadi akaketi juu ya mfuko wa saruji.

Jumapili ile mdogo mtu alikwenda kula kwa dada yake, na mkewe na watoto wote wanne. Viti havikutosha, wakubwa wakakalia ndoo zilizopinduliwa.