Mtu wa Vyuma

Baba yangu mdogo ana sauti nzuri na haraka mbaya. Ndiye tuliyemchagua awe msemaji siku ya kwenda Rubya kujitambulisha kwa bibi aliyemlea mchumba wangu. Njia nzima kutoka Hamugembe nilimfundisha kazi yangu: nachunguza nyota zilizosongamana katika vishada vyenye umbo la mpira, nijue zimeundwa na nini. Aliitikia kila neno. Tulipokaribishwa ndani, akasimama, akakohoa, akasema, "Kijana wetu anashughulika na vyuma."

Hakusema uongo. Sisi watu wa nyota tuna uvivu wetu: ukiondoa hidrojeni na heliamu, vingine vyote tunaviita vyuma. Oksijeni tunayovuta ni chuma, kaboni ya kwenye mkaa nayo ni chuma. Lakini Rubya mtu wa vyuma ni yule anayepita na baiskeli na mizani akinunua chakavu. Na siku hizo hizo sufuria kubwa ya bibi, iliyopikia misiba na harusi zote za majirani, ilikuwa imetoweka jikoni.

Bibi alikuwa ameshika kikapu cha akamwani, kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni aliyepokelewa. Akakiweka chini, akakisukuma nyuma ya mguu wake. Mchumba wangu alikwishaniambia wazi kwamba bibi akikataa, hatuoani. Niliogopa kweli.

"Vyuma vya nani?" bibi akauliza.

"Vya nyota, Bibi."

"Huwa unapanda huko?"

"Hapana, Bibi. Nachambua mwanga wake. Kila kitu kilichomo kinaacha alama yake kwenye mwanga."

Nikamweleza kwamba zamani wataalamu walidhani nyota za kishada kimoja zilizaliwa pamoja, kutoka wingu moja, kwa hiyo zifanane kama mapacha. Kumbe nyingine zina sodiamu nyingi na oksijeni pungufu. Inaelekea zilipata vitu vilivyopikwa ndani ya nyota zilizotangulia, vikamwagika nje.

"Kwa hiyo kuna mali imetoka kwa wakubwa."

"Ndiyo, Bibi."

"Nani aliitoa?"

Hapo ningeweza kumdanganya, nani angejua? "Bado hatujui," nikasema. "Wengine wanashuku nyota nzito sana, wengine zile zilizozeeka. Kila anayeshukiwa, hesabu zake hazikai sawa."

Bibi akamgeukia baba mdogo. "Umesikia, waitu, ndugu yetu? Vyuma anavyo, ukimwuliza vimetoka wapi, hajui. Wale wa chakavu walinijibu hivyo hivyo!"

Watu wakacheka. Mchumba wangu akajifunika uso kwa khanga, sikujua kama analia au anacheka. Baba mdogo akaanza kunitetea, akazidi kuharibu, maana alisema vyuma vyangu ni vya zamani sana. Bibi ndiye aliyecheka wa mwisho. Kisha akakivuta kile kikapu.

"Huyu si mwizi," akasema. "Mwizi angekuwa na jibu."

Akanipa akamwani kwa mkono wake. "Ila ukimjua aliyeitoa hiyo mali, uje uniambie."

Tulioana. Kila tulipokwenda kumsalimu, kabla hata sijavua viatu, aliniuliza, "Umempata?" Nami nilimjibu, "Bado, Bibi." Alisikitika kwa kujifanya, akasema mjukuu wake ameolewa na askari mvivu. Nilikasirika kidogo kila mara, na kila mara nilipenda kuulizwa.

Mara ya mwisho tulimkuta kitandani. Bibi alimwita mke wangu kwa jina la marehemu mama aliyemzaa. Mimi alinitazama kama mpita njia aliyeingia nyumba isiyo yake. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Nikakaa pembeni yake, nikamshika mkono.

Akautazama mkono wangu, akauliza, "Umempata?"

Sijawahi kutamani jibu kama siku ile.

"Bado, Bibi."

Akatabasamu, akanifinya kidole. "Basi ni wewe kweli," akasema.