Redio Haikumtaja Kaka

Hivi nyie mnajua redio inaweza kumnyima mama msiba wake? Juzi mjukuu wangu Neema alikuwa anashangilia vita kwenye simu, nikakumbuka mchana mmoja wa vita kwetu Kilolo, nikiwa mtoto. Nyumba inanuka ulanzi, ile pombe ya mianzi, redio inasema vijana wetu wanasonga mbele, watu wanacheza. Mama akaingia analia. Askari aliyerudi na mguu mmoja kamwambia kaka yangu kafa vitani.

Baba mdogo akasema, "Shemeji, matangazo ya vifo tumesikiliza yote, hakutajwa. Usituharibie ushindi."

Mimi nikafurahi, nikakimbia barabarani kumsubiri kaka. Hakurudi. Matanga mama alikaa peke yake.

Neema akaweka simu chini, akasema, "Bibi, nikisikia tena tunashinda, nitauliza kwanza nani hajarudi."