Mgonjwa wa Nyumba Hii

Jumuiya yetu ya Gitothua hukutana Alhamisi jioni, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Mwenye nyumba huwasha mshumaa na kuandaa chai na nduma za kuchemsha, kisha kila mtu hutaja ombi lake na wengine huitikia, "Twakuomba utusikie."

Zamu ilipofika kwangu, mume wangu alikuwa amezikwa juzijuzi tu, kwao huko mbele ya Thika. Sikutaka kumpokea mtu. Tangu mazishi sikuwa nimeomba hata juu ya sahani ya chakula. Tulikuwa tumeomba mno alipokuwa akiugua, na Mungu akafanya alivyotaka, basi niliona hatuna la kuambiana. Nilikubali kwa sababu hapa kwetu ukiruka zamu utakuwa gumzo mpaka Kamakis.

Wakaja. Nikamimina chai kwa hasira hadi ikamwagika mezani. Waliombea mvua, kazi za vijana, goti la katekista. Jina la marehemu walilikwepa kama watu wanaoruka dimbwi. Nilishukuru, na papo hapo nikaudhika.

Zamu ya kuomba ikafika kwa shosho wa ploti jirani. Ni bibi aliyezeeka sana, na kumbukumbu zake huja na kwenda. Wakati wote wa ule ugonjwa, ombi lake lilikuwa hilo hilo moja, kila Alhamisi, kwa maneno karibu yale yale. Akafumba macho.

"Baba, tunakumbuka mgonjwa wa hii nyumba. Umwinue, arudi kazi, akule na watoto wake. Ee Bwana."

Hakuna aliyeitikia. Mwenyekiti alikohoa. Mama aliyekaa karibu na shosho akanyoosha mkono amguse bega, amkumbushe. Shosho alikuwa bado amefumba macho, akingoja tumjibu.

"Twakuomba utusikie," nikasema, peke yangu, kabla ule mkono haujamfikia.

Wengine wataniambia nilimwonea huruma mzee. Hapana. Kwa kitambo kile nilikuwa na mgonjwa tena chumbani, wa kukorogewa uji na kugeuzwa ubavu, na Mungu alikuwa bado hajaamua. Nilimwomba kwa moyo wangu wote.

Shosho akafumbua macho, ametosheka. Akatazama mlango wa chumba cha kulala.

"Na yeye umempelekea chai?"

"Bado, shosho," nikasema. Nikachukua kikombe, nikaingia nacho jikoni, nikalia.