Foleni ya Kitabu cha Farasi Mwenye Mabawa

Enzi zetu pale Nangwa, mashamba ya ngano ya serikali yakiwa bado yanalimwa, msimu wa mavuno ulikuwa msimu wa vumbi la kombaini na wa taya kuuma. Taya ziliuma kwa sababu tulitafuna ngano mpaka igeuke bigijii, na tukishaipata hatukuitema mpaka mwalimu atushike. Kila Ijumaa mchana shule ilitupeleka kuokota masuke yaliyoachwa na mashine, ndiyo elimu ya kujitegemea. Watoto wa siku hizi ukiwatuma dukani wanauliza kama kuna bodaboda.

Nilikuwa kidato cha pili kilipotokea kile kitabu. Baba yake Paskalina wa darasani kwetu alikuwa fundi wa matrekta, na mtaalamu mmoja wa kigeni alipofungasha kurudi kwao alimwachia. Kilikuwa kinene kama tofali, cha Kiingereza, na kwenye jalada kulikuwa na farasi mwenye mabawa akiruka juu ya ngome. Paskalina alikisoma kwanza, kisha akatusimulia tukiokota ngano: mfalme asiyekufa, binti aliyegeuzwa ukungu mlimani, joka linalokunywa ziwa zima. Tuliinama kuokota tukasahau kuokota. Basi ikawekwa foleni, kila mtu wiki moja, kwa sharti kwamba Ijumaa ukikirudisha uwasimulie wenzako.

Kila msomaji alikisifu kuliko aliyemtangulia. Mmoja alisema kilimfanya asile siku mbili, na kwa jinsi alivyopenda makande tungepaswa kushtuka hapo hapo. Mimi nilikuwa wa sita. Nilikuwa naongoza darasa kwa Kiingereza na, sitaficha, nilijiona. Wa saba alikuwa Fausta, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja.

Zamu yangu ilipofika nikakaa jikoni, kamusi magotini. Mama akasema, "Soma, lakini maharage yakiungua utayala kwa Kiingereza." Yaliungua mara mbili. Ukurasa wa kwanza ulinichukua jioni nzima. Hadi ukurasa wa ishirini farasi hakuwa ametokea. Kulikuwa na wazee wanaogombea mpaka wa mashamba, na nusu ya maneno yao sikuyaona kwenye kamusi. Ndipo nikagundua alama za vidole. Vidole vyetu vya udongo na uji vilikuwa vimechafua kurasa za mwanzo, mpaka kama ukurasa wa thelathini. Baada ya hapo kurasa zilikuwa safi kabisa, nyingine bado zimeshikana pembeni. Hakuna aliyekisoma. Kila mmoja alisimulia alichosikia kwa mwenzake, akaongeza chake.

Ijumaa nikasimama, nikasimulia vizuri kuliko wote. Joka nililiongezea mke. Tukiwa njiani kurudi, Fausta akaniuliza, "Kiingereza chake si kigumu?"

"Ukitulia unaelewa," nikamjibu.

Wiki iliyofuata Fausta alisimama mbele yetu, sisi tumekaa kwenye mabua, kitabu kikiwa mkononi mwake. "Mimi nimesoma kurasa sita," akasema. "Sikuelewa kitu. Naomba aliyeelewa anisaidie."

Akanitazama. Kisha Paskalina akacheka, wakacheka wote, nami nikacheka. Toka siku hiyo aliitwa Kurasa Sita mpaka tunamaliza kidato cha nne. Alihama dawati letu. Hata mimi nilimwita hivyo, na hadi leo naona aibu kuliandika jina hilo.

Sasa nina binti wa kidato cha pili. Ujumbe wa simu ukizidi mistari mitatu anasema ni mrefu, na unga wa ngano anaamini unatoka dukani. Lakini siku ya wazazi mwalimu wake alilalamika kwangu kwamba kila kipindi mtoto ananyoosha mkono: "Madam, sijaelewa, naomba urudie." Enzi zetu hilo lingekupatia kiboko na jina la utani juu. Mwalimu alidhani ananishtakia. Mimi nilifurahi mpaka nikamnunulia binti soda.

Mwaka jana nilikipata kitabu chenyewe, nikakisoma chote kwa miwani. Si kibaya, ila chetu kilikuwa kizuri zaidi. Wiki chache baadaye nilimkuta Fausta mnadani Katesh, anauza vitunguu. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto. Nikaona nisizunguke. "Fausta, kile kitabu, hata mimi sikukielewa."

Aliendelea kumfungia mteja vitunguu vyake. "Nilijua," akasema. "Uliponiambia unaelewa, uliangalia chini. Nilisimama siku ile nikiamini na wewe utasimama."

Binti yangu angesimama. Mimi, pamoja na sifa zote ninazozipa enzi zetu, nilikaa nikacheka.