Usukani: Mechi Arobaini na Moja kwa Jicho Moja

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, uwanja wa kikapu ulio nyuma ya kiwanda cha sabuni umejaa madimbwi ya mvua, na nahodha wa timu anayasukuma maji kwa ufagio mpana. Anaanzia kona ya kushoto, anafika mstari wa kati, anarudi. Kazi hiyo haimo kwenye mkataba wake. Hataki mtu ateleze.

Wenzake wanaingia mmoja mmoja, viatu mkononi. Anayepita upande wake wa kulia anapita kimya. Anayepita kushoto lazima aseme.

"Nipo kushoto, dada."

"Nimekusikia."

Mwanamke huyu ana umri wa miaka thelathini na mitatu. Kwenye ligi wanamwita Usukani, kwa kuwa kwa miaka kumi timu yake ya zamani ilikwenda alikoipeleka. Jicho lake la kushoto halioni kitu. Ukilitazama ni zima, linang'aa, linageuka pamoja na mwenzake.

"Hiyo ndiyo balaa yake," anasema akiegemea ufagio. "Lingekuwa limetumbuka, watu wangejua siku ile ile."

Mpira aliuanza akiwa na miaka kumi na minne, na si kwa kipaji. Timu ya shule ilikuwa na wachezaji wanne, na sheria inataka watano. Alisimamishwa chini ya ringi azibe nafasi. Miaka minane baadaye alitia saini mkataba wa kulipwa na klabu kubwa. Mshahara wake wa kwanza ulikuwa mara tatu ya ule wa mama yake, mkunga aliyekuwa amezalisha watu kwa miaka ishirini na sita.

"Mama aliisoma karatasi mara mbili," anakumbuka. "Akaniuliza, 'Hizi zote ni za kurusha mpira tu?' Nikamwambia na kukimbia, mama. Akasema, 'Basi kimbia, mwanangu.'"

Alikimbia. Alikuwa mlinzi anayeanzisha mashambulizi, yule anayeupandisha mpira huku akiwapanga wenzake kwa kidole na sauti. Alichukua ubingwa mara mbili, akaezeka upya nyumba ya mama yake.

Kisha ikaja wiki ya nusu fainali, misimu mitatu iliyopita. Jioni moja mazoezini, mwenzake aliruka kuwania mpira, akashuka na kiwiko. Kilimpata Usukani juu ya shavu, kwenye tundu la jicho. Mtabibu wa timu alimwekea barafu, akamtazama kidogo, akasema kesho atakuwa sawa.

Kesho yake aliona punje nyeusi zikielea, kama masizi ya jikoni. Siku ya pili, akifumba macho, alikuwa akiona vimulimuli. Siku ya nne kivuli kilianza kupanda kutoka kwenye kona ya jicho, taratibu, kama mtu anayevuta pazia. Hakumwambia mtu. Alicheza nusu fainali, akafunga pointi ishirini na mbili. Akacheza fainali, wakafungwa kwa pointi moja.

Alifika kwa daktari wa macho siku ya tisa.

Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ilikuwa imebanduka. Alipasuliwa mara mbili. Mara zote mbili haikushika.

"Daktari alinieleza polepole, kama mtu anayemwambia mtoto kwamba paka amekufa," anasema. "Akasema ningekuja siku ya kwanza au ya pili, jicho lingekuwa na nafasi nzuri. Sikumwuliza zaidi. Ningeuliza nini?"

Mkataba wake ulikuwa umebakiza mwezi mmoja. Klabuni alisema anaugua homa ya matumbo, na mapumziko ya mwisho wa msimu yakamficha. Ukaja upimaji wa afya. Kibao cha herufi kilikuwa kimetundikwa ukutani, mlango wazi, na yeye alikuwa wa saba kwenye foleni.

"Zamu yangu ilipofika, herufi zote nilikuwa nazo kichwani. Nilizisoma kwa jicho bovu bila kukosea hata moja. Yule bwana akaniambia nina macho ya tai."

Akasaini miaka miwili mingine.

Mtu wa jicho moja hapotezi upande mmoja tu wa dunia. Anapoteza na umbali. Mpira ulikuwa unafika kabla hajautarajia. Kwa miezi miwili aliudunda kwenye ukuta wa uani kwa mama yake na kuudaka, mpaka kidole cha kati kikateguka, kikapona, kikateguka tena. Alijifunza kupima umbali wa ringi kwa mistari ya sakafuni badala ya kutazama juu. Na uwanjani alihamia ukingo wa kushoto, ili watu wote wawe upande wa jicho zima.

Kocha aliuona ubunifu. Siku moja alisimamisha mazoezi akawaambia wachezaji wamtazame Usukani anavyoufungua uwanja.

"Nilitabasamu," anasema. "Halafu nikaenda chooni nikalia."

Mama yake alijua kabla ya mtu yeyote. Binti alikuja kumtembelea, akamimina chai, nusu ikaingia kikombeni na nusu ikatiririka kando. Mama akatazama bila kunyanyuka.

"Unamnywesha nani, mwanangu, meza?"

Ndipo akasema yote. Mama akamwomba aache mpira. Binti akamjibu kwamba ataacha mkataba ukiisha. Akacheza mechi arobaini na moja.

Mechi ya arobaini na moja ilikuwa mchana wa Jumamosi, robo ya tatu, timu yake ikiongoza. Mpira ulipotea katikati ya uwanja ukadunda juu. Usukani aliufukuza. Kutoka kushoto alikuja mwenzake, mchezaji wa miaka ishirini na mmoja, mwembamba kiasi kwamba walimwita Kijiti, aliyekuwa karibu zaidi na mpira.

Kijiti aliita, "Wangu!" Jukwaa lilikuwa na kelele. Usukani aliunyaka mpira, akageuka kwa nguvu kushoto, kiwiko mbele.

Hakumwona. Alisikia tu, mkononi, kitu kikivunjika.

Ilikuwa taya, sehemu mbili, na meno matatu. Refa alisema ni ajali. Wachezaji walisema ni ajali. Kocha alimpigapiga Usukani mgongoni akamwambia mpira ndivyo ulivyo.

Kesho yake alikwenda hospitali na mfuko wa matunda, ambao aliona ujinga wake alipofika mlangoni. Kijiti alikuwa amefungwa taya kwa waya, uso umevimba. Mama mzazi wa msichana huyo alimkaribisha kiti, akamshukuru kwa kuja. Kijiti akaomba kalamu, akaandika kwenye nyuma ya kadi ya dawa: *Niliita. Hukuniona?*

"Nilikaa na ile kadi," anasema Usukani. Hapa anaacha kusukuma maji. "Mama yake ananitazama, yeye ananitazama. Nikasema nitarudi. Nikatoka."

Siku tatu hakula kitu cha maana. Siku ya nne aliingia ofisini kwa kocha, akafunga mlango, akamweleza kuanzia barafu.

Klabu ilivunja mkataba wake wiki hiyo hiyo, kwa kosa la udanganyifu. Barua haikutaja siku ile ya mazoezi wala mtabibu. Uongozi haukukubali kuzungumza kwa ajili ya makala hii. Kocha, ambaye naye ameshaondoka hapo, alikubali.

"Alinidanganya, ni kweli," alisema kwa simu. "Lakini na mimi nilitaka kudanganywa. Nilimwona anageuza shingo nzima kutazama mtu aliye hatua mbili. Nilinyamaza. Alikuwa anafunga."

Usukani alirudi hospitali kama alivyoahidi. Alipomaliza kusema, mama wa Kijiti alifungua mlango wa wodi na kuushikilia wazi mpaka mgeni akatoka. Hakuna aliyepaza sauti. Kwa miezi saba Kijiti hakupokea simu zake.

Timu ya kiwanda cha sabuni iko daraja la pili. Ilimchukua ikijua kila kitu, kwa theluthi moja ya mshahara wa zamani, na wachezaji wakajiwekea kanuni ya kusema wapo. Anavaa miwani ngumu iliyofungwa kwa mkanda nyuma ya kichwa. Daktari amemwonya kwamba miwani ina kikomo chake: pigo moja baya kwenye jicho la kulia, naye atahitaji mtu wa kumshika mkono hadi mwisho wa maisha.

Mama yake haji tena uwanjani.

"Mpira umeshakula jicho moja," anasema mama huyo, akiwa ameketi mlangoni kwake akichambua nguo za kufua. "Sasa anaupelekea la pili kwenye sahani. Mimi nimepokea watoto wengi wakiingia duniani. Sitaki kukaa pale nimwone wangu akizimiwa taa."

Binti hambishii. "Ana haki. Lakini tangu utoto sijafanya kazi nyingine. Nikienda kuomba kazi naulizwa unajua nini, nasema najua kupiga pasi. Wanadhani nguo."

Zimebaki mechi tano msimu uishe, na ameahidi kwamba hizo ndizo za mwisho. Aliahidi hivyo zamani pia, anakiri, kwa hiyo safari hii amemwandikia mama yake karatasi na kuisaini.

Mwezi uliopita, mazoezi ya jioni yakiwa yanaisha, Kijiti alikuja. Alikaa kwenye benchi la saruji mpaka wenzake wote walipoondoka. Taya limeunga, ila upande mmoja umekaa chini kidogo, na anapoongea herufi nyingine zinateleza.

"Sijaja kukusamehe, dada," alimwambia. "Nimekuja kukuambia nimeacha mpira. Mtu akinikaribia nafumba macho. Nimejaribu, imeshindikana. Sikutaka usikie kwa watu."

Usukani alimwuliza atafanya nini. Akajibu kwamba ameomba chuo cha uuguzi. Kisha Kijiti akasema jua linazama, ana safari, akaenda zake.

"Alikuwa bora kuliko mimi," anasema Usukani. "Si maneno ya kujikosha. Kwa umri ule, mimi sikuwa na hata nusu ya miguu yake."

Jumatano ijayo saa nne asubuhi atakaa mbele ya kamati ya ligi. Ameomba mara tatu, wameahirisha mara mbili. Anachotaka kinatosha kwenye mstari mmoja: mchezaji yeyote akipigwa kichwani au usoni, asiguse mpira mpaka daktari, asiye wa klabu, amemwona, na amwone ndani ya siku moja. Baadhi ya wachezaji wa zamani wamemshauri aeleze habari ya barafu, ile ya kibao cha herufi aiache, maana itamharibia hoja. Amekataa. Ataanza na hiyo.

Anaupeleka ufagio ukutani. Uwanja umeanza kukauka, na wenzake wameshapanga mistari miwili wakimsubiri.

Je, haitoshi kuwaambia wachezaji tu, kuwaelimisha, ili mtu akiumia aende mwenyewe kwa daktari?

Anatikisa kichwa huku akikaza mkanda wa miwani.

"Nataka iwe sheria. Mtu apelekwe hata akikataa," anasema. "Mimi ningekataa."